Mbeleko ndani ya gemu: nani anabebwa, nani anapigwa?

Wadau, kuna sentensi moja utaisikia kwenye kila kibanda cha gemu, na kwenye kila intaneti kafe yenye mashine mbili tatu za kuchezea: "Aah, huyu gemu inambeba!" Jamaa kapigwa bao dakika ya tisini, mpira umegonga mwamba, ukampiga kipa mgongoni, ukaingia. Anaweka pedi chini, anaapa kwamba gemu ina skripti. Mwingine anadakia kwamba diski yenyewe imechakachuliwa. Na kama ni mechi ya anayefungwa analipa, maneno yanazidi, maana hapo siyo heshima tu inayopotea, ni hela ya mtu.

Leo nataka tulichambue hili swala kiufundi kidogo, kwa sababu wengi wanabishana bila kujua ndani ya mashine kunatokea nini. Jibu la kweli ni kwamba gemu zinabeba watu. Zinabeba sana tu, kila siku, na huwezi kujua kama hujaambiwa. Na mimi binafsi, kati ya ufundi wote unaowekwa kwenye gemu, huu wa kumbeba mchezaji kimyakimya ndio ninaoupenda kuliko wote. Ila kuna mbeleko na mbeleko, kama kwenye soka letu.

Tuanze na kitu chepesi kabisa, kuruka.

Gemu yoyote ya kukimbia na kuvuka mashimo, toka enzi za Super Mario Bros. ya mwaka 1985 mpaka hizi za kwenye simu, inamtaka mchezaji aruke akiwa ukingoni. Ukibonyeza mapema unaangukia katikati ya shimo. Kwa hiyo kila mtu anasubiri mpaka hatua ya mwisho. Sasa shida iko hapa: mashine inachora, tuseme, picha 60 kwa sekunde moja, na kwa kila picha inajiuliza swali moja tu, huyu mtu anakanyaga ardhi au hakanyagi? Ukichelewa kwa picha moja, yaani sehemu ya sitini ya sekunde, kwa mashine wewe tayari uko hewani, na aliye hewani haruki. Unatumbukia. Wakati huo macho yako yanaapa kwamba ulibonyeza ukiwa bado ukingoni.

Na macho yana haki yao. Toka picha itoke kwenye mashine, ipite kwenye TV, ifike machoni, akili iamue na kidole kishuke, muda unakuwa umeshapita. Unachokiona kwenye skrini ni habari ya zamani kidogo. Mashine ikikuhukumu kwa sheria zake inakuonea, ingawa kwa hesabu zake iko sahihi.

Watengenezaji walishaliona hili zamani, wakaweka msamaha. Ukishatoka ukingoni, gemu inaendelea kukuhesabu kama uko ardhini kwa muda mfupi sana. Ukibonyeza ndani ya muda huo, unaruka kama kawaida, ingawa miguu yako haikanyagi kitu! Wenyewe wanauita muda wa koyoti, kutokana na yule koyoti wa katuni za Road Runner anayekimbia mpaka nje ya jabali, anachanja mbuga hewani bila wasiwasi, halafu anaanguka pale anapotazama chini. Kwenye gemu ya Celeste, iliyotoka 2018, muda huo ni sehemu ya kumi ya sekunde. Ni kufumba na kufumbua, lakini unatosha kugeuza "gemu mbovu hii" kuwa "daah, nimevuka!"

Celeste haikuishia hapo. Ukibonyeza kuruka kabla kidogo ya kugusa ardhi, mashine inakumbuka, na ukitua tu inakurusha. Ukiruka ukagonga kona ya jiwe kwa kichwa, inakusogeza pembeni kidogo ili upite. Ukitaka kuruka kwa kusukuma ukuta, si lazima uuguse kabisa, ukiwa karibu inatosha. Mmoja wa waliotengeneza gemu hiyo, Maddy Thorson, aliwahi kuyaorodhesha haya hadharani mwaka 2020, na watu walishangaa, kwa sababu Celeste ni gemu ngumu. Mtu anakufa mara mamia kabla ya kufika kileleni mwa mlima. Kumbe muda wote ule walikuwa wanabebwa!

Hapo ndipo ninapoipenda kazi ya hawa jamaa. Ugumu umebaki palepale, kilichoondolewa ni uonevu. Ukifa, unajua umekufa kwa kosa lako. Ukitaka kujaribu, chukua gemu yoyote nzuri ya kuruka, tembea mpaka utoke ukingoni, halafu bonyeza kwa kuchelewa makusudi kidogo tu. Utaona mwenyewe.

Sasa kuna mbeleko nzito zaidi ya hiyo. Wazee wa PlayStation ya kwanza mnamkumbuka Crash Bandicoot, 1996. Ile hatua ya kukimbizwa na jiwe kubwa, unakimbia kuelekea kwenye skrini huoni mbele, kila ukigeuka limeshakufikia. Wengi tuliamini tuliivuka kwa sababu tumekuwa wazoefu. Watengenezaji wake wa Naughty Dog walikuja kueleza baadaye kwamba ukifa mara nyingi, jiwe lilikuwa linapunguzwa mwendo kidogo. Ukiendelea kufa, kreti ya matunda ilikuwa inageuka kuwa sehemu ya kuanzia tena, ili usirudishwe mwanzo kabisa. Ile barakoa ya kukukinga, Aku Aku, nayo ulikuwa unapewa bure ukionekana umezidiwa. Hakuna maandishi yoyote kwenye skrini yaliyokuambia "tumekuonea huruma". Uliondoka na sifa zako zote.

Resident Evil 4 ya mwaka 2005 ilichukua wazo hilohilo ikalifanya kubwa. Ndani yake kuna kipimo kilichofichwa kinachopanda na kushuka kutegemea unavyocheza. Ukiwa unalenga vizuri na damu haipungui, maadui wanakuwa wakali. Ukifa mara tatu nne sehemu moja, wanalegea, na mahali pengine wanapungua idadi. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana kuhusu kijiji kilekile, mmoja anasema walikuwa wengi mno, mwingine anasema mbona kawaida, na wote wawili wanasema kweli. Ni ukichagua kiwango kigumu kabisa, Professional, ndipo kipimo kinabaki juu muda wote, hakuna kuonewa huruma.

Left 4 Dead ya 2008, ambayo mnacheza wanne dhidi ya mazombi, ina kitu ambacho Valve walikiita Mwongozaji, kama mwongozaji wa filamu. Kazi yake ni kukadiria kila mchezaji amebanwa kiasi gani: umepigwa mara ngapi, umezungukwa vipi. Hali ikifika juu kabisa anazuia kundi jingine lisije, mnapata kama nusu dakika ya kupumua, kutibiana na kujaza risasi. Halafu anaanza upya. Kwa hiyo ukiona kumekuwa kimya ghafla, siyo bahati... kuna anayekuangalia.

Kuna na kile kipande cha damu ya mwisho. Mwaka 2017 watengenezaji kadhaa walijitokeza mtandaoni kutoa siri zao baada ya mwenzao mmoja, Jennifer Scheurle, kuanzisha mada hiyo. Mmojawapo, aliyefanya kazi kwenye BioShock ya 2007, alieleza kwamba risasi ambayo ilitakiwa kukuua haikuui. Badala yake unakuwa huguswi na kitu kwa sekunde moja au mbili, upate nafasi ya kujificha. Ilitajwa pia kwamba kwenye Assassin's Creed na Doom, kile kipande kidogo cha mwisho cha damu kina uzito kuliko vipande vingine. Kazi yake ni moja: ukimwambia mshikaji "nilibaki na damu kidogo hivii nikamuua bosi", hadithi iwe kali.

Haya, sasa tuje kwenye bahati, maana hapa ndipo kelele nyingi zinapotokea, na hapa inabidi tupige hesabu kidogo. Usiruke hii sehemu.

Kwenye gemu za vita vya zamu, unayemwongoza anapotaka kupiga, skrini inakuandikia nafasi ya kupata, tuseme asilimia 90. Binadamu akisoma 90 anaelewa "nitapata". Lakini 90 maana yake ni kwamba kila mara kumi utakosa moja. Ukipiga mara 20, nafasi ya kukosa angalau mara moja inakaribia asilimia 88. Yaani karibu ni lazima ukose! Na ukikosa, unapiga meza na kusema gemu inaiba. Mashine imefanya ilichoahidi. Sisi ndio hatukujaliwa kuhisi asilimia vizuri.

Sid Meier, mzee wa Civilization, alilieleza hili kwenye mkutano wa watengenezaji gemu kule San Francisco mwaka 2010. Wachezaji waliokuwa wanajaribu gemu yake walikuwa wakipewa nafasi ya tatu kwa moja, wakishindwa wanalalamika kwamba kuna kasoro. Wakigeuziwa, wao ndio wenye moja dhidi ya tatu, wakashinda, hakuna aliyelalamika! Hapo walijiona mafundi. Mwisho wa siku ilibidi waibadilishe gemu iendane na hisia za watu, ikiwemo kuangalia kama umeshindwa pambano lililotangulia ili usipigwe mara mbili mfululizo.

Wajapani wa Fire Emblem ndio waliolifanya kwa akili zaidi. Kwenye toleo la mwaka 2002 la Game Boy Advance, mashine haichoti namba moja ya bahati, inachota mbili na kutafuta wastani wake. Kwa nini? Chukua dadu mbili uzirushe. Jumla ya 7 inaweza kupatikana kwa njia sita, jumla ya 12 kwa njia moja tu. Ukichanganya bahati mbili, namba za katikati zinakuwa nyingi na za pembeni zinakuwa adimu. Matokeo yake, kwenye skrini imeandikwa 90 lakini ukweli ni kama 98. Imeandikwa 75, ukweli unakaribia 88. Na kwa upande wa chini inageuka: imeandikwa 10, ukweli ni kama 2. Sasa fikiria, mashujaa wako mara nyingi wana nafasi kubwa, maadui mara nyingi wana nafasi ndogo. Sheria ni moja kwa wote, ila anayefaidi ni wewe. Namba iliyoandikwa ni ya uongo, lakini inahisi kweli kuliko kweli yenyewe. Mimi nikilisoma hili mara ya kwanza nilicheka peke yangu mbele ya kompyuta.

Tetris nayo kwa ufupi. Matoleo ya zamani yalikuwa yanatoa vipande kwa bahati tupu, unaweza kuingoja ile fimbo ndefu mpaka ukazikwa. Matoleo ya kisasa yanaweka vipande vyote saba kwenye mfuko, yanavichanganya, yanavitoa vyote, ndipo mfuko wa pili unaanza. Kwa mpango huo, kati ya fimbo na fimbo hakuwezi kupita zaidi ya vipande 12. Wanaocheza kwa ushindani wanaijua hesabu hiyo kichwani.

Mpaka hapa sina ugomvi na mtu. Uko peke yako na mashine, mashine inakuonea huruma, unafurahi, hakuna aliyeumia. Shida inaanza pale upande wa pili wa skrini anapokaa binadamu mwenzako. Hapo kila unachobebwa wewe, mwenzako anakatwa. Kwa hiyo mimi nina kipimo changu kimoja: hiyo mbeleko inaonekana au imefichwa?

Angalia Tekken. Kuanzia Tekken 6, mchezaji akibakiza damu kidogo anapandwa na hasira, mwili unawaka wekundu, na ngumi zake zinauma zaidi. Ni kumbeba anayeshindwa, ndiyo. Lakini wote wawili mnaona ule wekundu, wote mnajua sheria, na anayeongoza anajua kwamba sasa asogee kwa tahadhari. Hiyo ni haki. Mario Kart nayo, aliye nyuma anapewa silaha nzito kuliko aliye mbele, na ule mgongo wa kobe wa bluu unaomfuata anayeongoza umewakera watu toka 1996. Inakera, lakini haijifichi.

Mfano wangu bora kabisa uko kwenye gemu ambayo imekaa kwenye intaneti kafe za dunia nzima, Counter-Strike. Ilianza 1999 kama nyongeza ya Half-Life iliyotengenezwa na vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, kisha Valve wakaichukua. Watu wengi wanaikumbuka kwa bunduki, lakini ufundi wake mkubwa uko kwenye hela. Mnaanza na dola 800 kila mmoja, bastola na vikorokoro basi. Ukiua unalipwa, kwa kawaida 300. Timu ikishinda raundi inalipwa zaidi, na hela haiwezi kuzidi 16,000. Ukifa unapoteza bunduki yako, ukibaki hai unaendelea nayo.

Bila kitu kingine, hiyo ni hadithi ya mwenye nacho kuongezewa. Anayeshinda raundi ya kwanza ananunua AK-47, anakuua wewe mwenye bastola, anazidi kutajirika, mechi imeisha dakika ya tano. Kwa hiyo waliweka malipo ya kufungwa. Kwenye Counter-Strike: Global Offensive, iliyotoka 2012, timu inayopoteza inaanzia 1,400, ikipoteza mfululizo inaongezewa 500 kila raundi mpaka kufikia 3,400. Ukiangalia vizuri, anayepoteza mfululizo analipwa zaidi ya 3,250 za ushindi wa kawaida!

Utamu wake ni kwamba hii mbeleko imegeuka kuwa sehemu ya mchezo. Timu nzima inakubaliana: raundi hii hatununui kitu, tunakufa na bastola zetu, tunabana hela, raundi ijayo wote tunakuwa na bunduki. Mpinzani naye anapiga hesabu zako: hawa wamepoteza mbili, walinunua ile iliyopita, kwa hiyo sasa wamefulia. Mwaka 2019 Valve walirekebisha, ushindi mmoja ukawa haufuti mlolongo wote, unaushusha ngazi moja tu, maana timu iliyokuwa nyuma ilikuwa inashinda raundi moja kwa taabu halafu ikifungwa inayofuata inarudi kwenye umaskini. Hesabu hizi zimeingia mpaka Counter-Strike 2 ya 2023. Mtu asiyelenga vizuri lakini anajua hela za mpinzani ni hatari kuliko mlenga shabaha asiyejua.

Tofauti na hapo, kwenye gemu za risasi za pedi kuna msaada wa kulenga, upo toka Halo ya 2001 na hata kabla. Ile alama ya katikati ikipita juu ya adui inapunguza mwendo, inanata kidogo. Kwa mtu wa pedi dhidi ya mtu wa pedi haina neno. Lakini toka Call of Duty ilipoanza kuwachanganya watu wa pedi na watu wa kipanya mwaka 2019, ni ugomvi usioisha, kila upande unasema mwenzake anabebwa. Mimi naona wote wana hoja, na sioni utakavyokwisha.

Sasa tuje kwenye mpira, maana najua ndicho mlichokuwa mnakisubiri.

Madai ya skripti kwenye FIFA yalifika mpaka mahakamani. Novemba 2020, wachezaji watatu walifungua kesi California dhidi ya EA. Hoja yao: kampuni ina hati miliki ya teknolojia ya kubadilisha ugumu wa gemu kimyakimya, kama ile ya Resident Evil 4. Wakasema inatumika kwenye Ultimate Team ili watu wafungwe fungwe, wakate tamaa na timu zao, wanunue vifurushi vya wachezaji. EA ikakana, ikasema teknolojia hiyo haijawahi kuwekwa humo. Mwanzoni mwa 2021 walalamikaji wakaiondoa kesi yao wenyewe, baada ya EA kuwapa maelezo ya kiufundi na kuwakutanisha na wahandisi wake. Kwa hiyo anayesema "imethibitishwa" anakudanganya. Hati miliki ilikuwepo kweli, lakini kuwa na hati na kuitumia kwenye mechi yako ni vitu viwili.

Na mengi mnayoyaita skripti yameandikwa kwenye menyu, ila hakuna anayesoma! Chukua Pro Evolution Soccer, ambayo wengine tulianza kuicheza ikiitwa Winning Eleven na ambayo toka 2021 imekuwa eFootball. Ile mishale midogo pembeni ya majina ya wachezaji, unadhani ni mapambo? Mshale unaopanda juu maana yake mchezaji huyo leo yuko moto. Mshale unaoelekea chini maana yake leo hayupo, hata awe supastaa. Kwenye mechi ya kirafiki inapangwa kwa bahati kama hamjaigusa. Straika wako wa dunia akiwa na mshale wa chini atapaisha mipira mchana kutwa, na wewe utasema gemu inambeba mwenzako. Mnaocheza kwa hela, kabla ya kuanza ingieni kwenye mipangilio ya mechi, hali ya wachezaji wekeni sawa pande zote mbili. Hapo atakayefungwa kafungwa.

Lakini wale walalamikaji wa California waligusa jambo moja ambalo ni zito kuliko skripti, nalo ni vifurushi vyenyewe. Unalipa hela halisi, unafungua, unaweza kupata nyota au takataka. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba kwa sheria zao huo ni ukamari, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Uholanzi nao walijaribu, wakaitwanga EA faini ya euro milioni 10, lakini mwaka 2022 mahakama ya juu ya masuala ya utawala ikaitengua. Kwa hiyo nchi mbili zinazopakana zimefikia majibu mawili tofauti.

Nipige hesabu ya mwisho. Kuanzia FIFA 19, EA walianza kuonyesha nafasi ya kupata wachezaji kwenye kila kifurushi, na kwa wale wakubwa kabisa mara nyingi imeandikwa "chini ya asilimia 1". Tufanye ni asilimia 1 kamili. Watu 100 wakinunua vifurushi 100 kila mmoja, watu 36 au 37 kati yao watatoka mikono mitupu. Unakumbuka Fire Emblem, jinsi mashine ilivyochota namba mbili ili usiumie? Unakumbuka muda wa koyoti? Huku kwenye vifurushi vya namna hii hakuna namba ya pili. Ufundi wa kumhurumia mchezaji unajulikana toka Crash, ni kwamba hapa haukuwekwa.

Kuna gemu nyingine zimeuweka, ila kwa bei. Genshin Impact ya 2020 nafasi ya kupata mhusika wa nyota tano kwa mvuto mmoja ni asilimia 0.6, na ukivuta mara 90 bila kupata, unapewa kwa lazima. Wachezaji wa kule wanaita huruma, wanahesabu mivuto yao kama wale wa Counter-Strike wanavyohesabu hela za adui. Tofauti ni kwamba zile dola za Counter-Strike mechi ikiisha zinafutika.

Anayebisha kuhusu mishale ya PES aje kwenye maoni na matokeo yake, siyo matusi.